Friza limeondoka, pesa imeingia, sasa naitwa tapeli

Mjomba, shikamoo.

Leo ni usiku wa tano silali sawasawa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kimara, na mwisho wa mwezi nahamia Dodoma kikazi. Vitu ni vingi kuliko lori nililolimudu, kwa hiyo nikaamua vingine niviuze hukuhuku. Sofa na kabati la vyombo walichukua majirani. Likabaki friza la kulala, lile nililokuwa nagandishia barafu na juisi za kuuza jioni. Nikalipiga picha nne, nikalitangaza kwenye soko moja la mtandaoni kwa shilingi 520,000, chini nikaandika: "Nahama, bei inazungumzika."

Siku ya kwanza tu kuna mtu alinitumia meseji kwamba pesa imeingia. Meseji yenyewe ilitoka kwenye namba ya kawaida, na nilipoangalia salio halikuwa limesogea hata shilingi. Nikamjibu "pole kaka", nikamfungia. Nikajiona mjanja, Mjomba. Mpaka mume wangu nilimsimulia, tukacheka.

Siku ya pili akapiga kijana mwingine. Sauti ya upole, kila neno "dada". Akasema friza amelipenda, ananunua kwa niaba ya shangazi yake wa Morogoro anayetaka kuanza biashara ya barafu. Akaomba nimrekodie video fupi friza likiwa linawaka, na nyuma kwenye kile kibandiko chenye namba. Nikamtumia. Baadaye akaomba video nyingine, safari hii nitaje jina langu na niseme "friza hili ni langu, lipo Kimara, linauzwa", ili shangazi aamini. Sikuona ubaya. Nikarekodi na hiyo.

Bei tulivutana kidogo. Mimi 520, yeye 400. Nikashuka 480. Akasimama 450, hapandi wala hashuki tena. Nikakubali.

Akaniambia pesa itatumwa na shangazi mwenyewe, jina litakuja la mwanamke, nisishtuke. Ila shangazi ana presha na maswali mengi, kwa hiyo akipiga nimjibu tu kwamba friza lipo na linapakiwa leo, mambo ya bei nimwachie yeye. Kweli, kwenye saa nane mchana mama mmoja akapiga. "Wewe ndiye fulani?" Ndiyo mama. "Friza lipo?" Lipo. "Linagandisha lakini?" Nikamwambia linagandisha mpaka barafu unaichomoa kwa nyundo. Tukacheka wote wawili. Saa tisa pesa ikaingia, laki nne na nusu kamili na ya kutolea juu. Niliangalia salio mara tatu. Ipo.

Saa kumi na nusu ikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, dereva na vijana wawili. Wakalibeba. Nikawapa na maji ya kunywa.

Jioni yule mama akapiga kuuliza gari limefika wapi. Nikamwambia limeshaondoka, ampigie mtoto wa kaka yake. Akanyamaza, halafu akasema, "Mtoto wa kaka yangu yupi? Si mdogo wako yule?" Hapo ndipo miguu iliniisha nguvu. Kijana simu yake haipatikani tangu usiku ule. Mama wa Morogoro anapiga kila siku, analia, anasema mimi na mdogo wangu tumemwibia, pesa ilikuwa ya mkopo wa kikundi, na jina lililotokea kwenye muamala wake ni langu, si la mtu mwingine.

Juzi akapiga mwanamume anayejiita afande, akasema jalada langu limeshafunguliwa, nitume 150,000 ya kuzuia hati ya kukamatwa. Jana ikaingia meseji kutoka namba ngeni: "Mimi ni mtoto wa yule mama, laini yake ina matatizo, ile 450 rudisha kwa namba hii tuyamalize kifamilia."

Mume wangu anasema nisirudishe hata senti, friza si limeondoka? Dada yangu anasema nitupe laini, niuze na hii simu, niende zangu Dodoma. Katika ile pesa nimeshalipa malipo ya awali ya lori, 180,000. Imebaki 270,000. Nina pia laptopu ya zamani nilitaka kuiuza, sasa naogopa hata kuigusa. Nifanye nini?

Mama Wawili, Kimara

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Dada yako anakupenda, lakini ushauri wake ndio utakaokulaza mahabusu. Laini yako umeisajili kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA. Ukiitupa Kimara, jina halitupiki. Litakukuta Dodoma, na litakukuta ukiwa mtu aliyekimbia. Hivi sasa wewe ni mtu aliyetapeliwa. Siku utakayozima simu utakuwa mtuhumiwa aliyejificha, na kumweleza mpelelezi tofauti ya hayo mawili ni kazi ngumu kweli.

Sasa nikueleze ulichofanyiwa, maana nadhani hata yule mama hajakielewa.

Watu wanauita utapeli wa pembe tatu. Kijana hakuwa na friza wala hakuwa na pesa. Alichofanya ni kuchukua picha zako nne na kuzitangaza upya kama mali ya familia yake, kwa bei ya kutamanisha. Yule mama akaiona 450,000 kwa friza la namna ile, moyo ukamdunda, akapiga simu. Kijana akamwambia friza ni la dada yake, dada yupo Kimara, pesa mtumie dada moja kwa moja ili uwe na uhakika. Nani angekataa? Analipa mwenye mali mwenyewe, jina linatokea, na video ya mwenye mali akitaja jina lake anayo mkononi. Ile video ya pili, mwanangu, ndiyo iliyomuuzia yule mama friza. Wewe ndiye uliyekuwa tangazo.

Na hiyo ndiyo sababu alisimama kwenye 450. Hakuwa anabembeleza bei, alikuwa ameshamtajia mtu mwingine bei hiyohiyo. Angeshuka, pesa ingezidi na wewe ungeuliza. Angepanda, ingepungua na wewe ungedai. Ilibidi ifike laki nne na nusu kavu, ili kila mmoja wenu aone hesabu yake imekaa sawa. Kwako alikuwa mtoto wa kaka wa yule mama, kwa yule mama alikuwa mdogo wako. Akamwekea kila mmoja kizuizi: mwenzako ana presha, usiongee naye bei. Nina hakika na yule mama aliambiwa jambo la namna hiyo kuhusu wewe. Mngeongea dakika moja zaidi baada ya kile kicheko cha barafu na nyundo, mchezo wote ungeanguka.

Nimeuza majokofu na mafriza ya mtumba Kariakoo kwa miaka kumi na moja, mpaka magoti yalipogoma, kwa hiyo niruhusu nikueleze mnunuzi wa friza anavyofanana. Anapiga magoti. Anaingiza kichwa ndani ananusa. Anapitisha noti kwenye ule mpira wa mlango, anafunga, anaivuta aone kama imebanwa. Anaweka sikio kwenye compressor kama daktari. Anakuuliza gesi iliwahi kujazwa lini, na hata ukimjibu vipi anatikisa kichwa kwa masikitiko ili umpunguzie. Wanakera, lakini ndio wanunuzi. Kijana wako hakuuliza hata moja kati ya hayo. Aliuliza video, jina na mahali. Katika barua yako yote, mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Linagandisha lakini?" Yule mama ndiye aliyekuwa mteja wako wa kweli tangu mwanzo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumhurumia kabla ya kumwona adui.

Meseji feki uliikamata kwa sababu kila mtu mjini ameshaonywa kuhusu meseji feki. Angalia salio mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, na kadhalika, usiamini maandishi. Vizuri, ulifanya. Tatizo ni kwamba somo hilo limetufundisha kwamba pesa ikishaonekana kwenye salio, biashara imekwisha. Haijaisha. Kuna swali moja limebaki: aliyetuma pesa ndiye anayechukua mzigo? Jina la kwenye muamala lilikuja la mwanamke wa Morogoro, waliofika mlangoni ni vijana watatu ambao hukujua hata mmoja anaitwa nani. Pale ndipo ulipotakiwa kumpigia yule mama na kumwambia, "Mama, vijana wako wamefika, nimkabidhi nani?" Sikulaumu. Umeahidiwa jina la mwanamke, limekuja jina la mwanamke, akili inaridhika.

Tuje kwa afande wako.

Huyo si afande. Hebu hesabu wanaojua habari hii. Wewe, yule mama, watu wenu wa karibu, na yule kijana. Polisi akikutafuta atakuita kituoni, atakutajia kituo gani na ofisi ya nani, na ukifika utaonyeshwa kwamba kweli kuna taarifa yenye namba ya RB, yaani namba ya kitabu cha taarifa cha polisi. Hati ya kukamatwa haizuiwi kwa muamala wa simu. Vivyo hivyo huyo "mtoto wa yule mama". Ni ile ile "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliyoizoea, ila safari hii imevaa kanzu ya suluhu ya kifamilia. Kijana ameshachukua friza, sasa anajaribu kuchukua na pesa. Ungetuma jana, leo ungekuwa huna friza, huna laki nne na nusu, na yule mama bado anakudai. Namba zote mbili zitume kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli wa simu. Haigharimu kitu, na laini za namna hiyo hufungiwa. Ukiwa hapohapo piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana umemtumia mtu huyu jina lako na sura yako kwenye video na mimi sipendi kubahatisha.

Kuhusu kumpigia yule mama: mpigie leo, na mpigie kwenye ile namba iliyotuma pesa, si nyingine yoyote. Usianze na kujitetea. Mwulize tangazo aliliona wapi, kijana alimwambia nini, alimtumia nini. Nakuhakikishia nusu saa haitapita kabla hajaanza kuona kwamba mlikuwa na mdogo mmoja wa uongo na mtoto wa kaka mmoja wa uongo. Mwambie akafungue taarifa kituoni kwao Morogoro kama hajafungua, nawe ufungue Dar, mpeane namba za RB. Taarifa mbili za watu wawili wasiojuana zinazosimulia hadithi moja kutoka pande mbili ni kitu kizito. Taarifa moja ya kwake peke yake inayokutaja wewe kwa jina, nayo ni nzito, lakini kwa upande usioupenda.

Kosa lenyewe lina mahali pake kwenye sheria. Kujipatia mali kwa udanganyifu kuko kwenye kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Upande wa mtandao kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nakutajia hivyo ili ukifika kaunta usikubali kuambiwa "haya ni madai ya kawaida, mkamalizane". Si madai. Kuna mtu wa tatu aliyewadanganya wawili, na friza lipo mahali fulani linagandisha barafu ya mtu mwingine.

Na hapo niseme kuhusu dereva, maana hukumtilia maanani. Kijana ana laini ya simu ambayo pengine imesajiliwa kwa jina la bibi yake mtu. Lakini kirikuu haisajiliwi kwenye laini. Kirikuu ina namba za usajili, ina kijiwe inapoegesha, na dereva wake, kwa nionavyo mimi, alikodiwa tu kama ambavyo angekodiwa kubeba godoro. Yeye anajua friza alilishushia wapi. Lazima alilishusha mahali! Waulize majirani, muulize muuza duka wa pembeni, ulizia kama kuna nyumba au duka lenye kamera barabarani. Vijana wa bodaboda wa hapo kona wanazijua kirikuu za eneo lote kwa rangi na kwa kelele. Kama huyu aliyebeba friza ni mgeni, watakuambia ni mgeni, na hilo nalo ni jibu. Usiende kumvamia. Peleka habari hiyo kituoni.

Sasa pesa. Hapa ndipo mimi na mume wako tunapopishana kidogo.

Ana haki kusema friza limeondoka. Ulitoa mali, ukalipwa bei mliyokubaliana, na hukumdanganya mtu. Lakini yule mama naye anaweza kusema: mimi nilimlipa mwenye friza, mwenye friza akampa mtu ambaye sikumtuma. Na kweli hakumtuma. Kila mmoja wenu ana hoja, na hoja zenu zote mbili ni za kweli. Mimi si mwanasheria na sitajifanya hakimu. Nitakuambia ninachoamini: usirudishe leo, na usitumie hata mia nyingine. Ile 180,000 ya lori itafutie njia, kopa kwa mume, chelewesha lori, rudisha kwenye lile fungu mpaka litimie 450,000, halafu liache likae. Ukiulizwa kituoni pesa iko wapi, uweze kusema "hii hapa, yote, naisubiri njia". Mtu aliyetapeli hana kawaida ya kukaa na pesa akiisubiri njia. Piga pia 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwaeleze kwamba muamala ule una mgogoro na umeripotiwa, wakupe namba ya kumbukumbu ya simu yako.

Mkifika mahali pa kukubaliana, na natumaini mtafika, iwe kwa maandishi, mbele ya polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, pawe na sahihi na mhuri, na pesa yoyote inayorudi irudi kwenye namba ileile iliyotoka. Ungeniuliza kama mjomba wako, si kama mwandishi wa safu, ningesema kama friza halijapatikana mgawane hasara nusu kwa nusu. Mume wako atakunja uso. Mwambie mimi nilikunja uso zaidi mwaka nilipolipa majokofu mawili ya watu kwa sababu kijana wangu wa dukani alimkabidhi mzigo mtu aliyekuja na risiti ya mwenzake. Lakini msitie sahihi chochote kabla ya kuongea na mtu wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na hapo Dar es Salaam chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kinasaidia kina mama wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Nenda na karatasi zako zote.

Laptopu uiuze ukitaka, usiogope chombo kwa sababu ya friza. Ila kabla haijatoka ndani, nakili picha na nyaraka zako pembeni, toka kwenye akaunti zote, barua pepe, mitandao, na ile benki unayoingia kwa kivinjari na nywila ikajijaza yenyewe. Kuburuta mafaili kwenye pipa la taka na kulimwaga si kufuta. Fundi mwenye programu ya bure mara nyingi anaweza kuyarudisha. Mwambie fundi unayemwamini aisafishe diski kabisa na kuweka mfumo upya, mbele ya macho yako, au kama diski ni ya zamani itoe, ubaki nayo, uuze laptopu bila diski kwa bei pungufu. Mimi ningefanya hilo la pili. Mnunuzi mkutane benki au kituo cha mafuta chenye watu, uende na mtu, awashe, aangalie, akulipe mwenyewe kwa laini yake mwenyewe akiwa mbele yako, na jina litakalotokea lifanane na kitambulisho atakachokuonyesha. Akisema "analipa bosi wangu", "analipa mke wangu yuko Mwanza", mwambie huyo mke atume kwanza kwake, halafu yeye atume kwako. Mwenye nia njema atanung'unika na atafanya. Andikeni karatasi ya mauziano hata kama ni nusu ukurasa wa daftari: majina, namba za vitambulisho, namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi.

Hiyo simu, hapana. Najua dada yako alisema uiuze. Kwa kawaida ningekuelekeza namna ya kuiuza: utoe laini na kadi ya kumbukumbu, uondoe akaunti ya Google kabla ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, vinginevyo itajifunga na mnunuzi atarudi kwako na hasira. Lakini simu hii ndiyo iliyopokea pesa, ndiyo iliyopigiwa na kijana, mama, na afande wa uongo. Usifute meseji hata moja, hata zile unazoona aibu kuzisoma. Tangazo lako lipige picha kabla hujaliondoa, na kama tangazo la kijana bado lipo, lipige picha nalo, jina la akaunti na tarehe vionekane.

Na ile video ya kwanza uliyomrekodia, ya nyuma ya friza kwenye kibandiko. Ifungue sasa hivi, isimamishe pale namba inaposomeka, iandike kwenye karatasi. Mafriza yanayofanana na lako yako mengi mjini. Lenye namba hiyo ni moja.

Mjomba